Mwenye Mali Asifichwe Mali Yake

Kila kontena lina namba yake: herufi 4 na tarakimu 7. Basi kwa nini mwenye mali azungushwe ofisi hadi ofisi, toka Mombasa hata bandari kavu ya Embakasi, akiuliza mzigo wake u wapi?

Mwaka 2019 Serikali ya Kenya iliamuru mizigo ya bara iende Nairobi kwa reli. Septemba 2022 amri ikafutwa. Amri hupita, gharama za kucheleweshwa hubaki, na mlipaji wa mwisho ni mnunuzi dukani.

Sisi twadai: bandarini, relini na langoni, namba iandikwe saa ile ile kontena lipitapo, na mwenyewe aione. Gizani ndimo inamonona rushwa. Taa na iwashwe!