KODI NA SAUTI YA MLIPAJI

Mwaka 1765 Uingereza iliwatwika Waamerika kodi ya stempu, ilhali hawakuwa na mjumbe hata mmoja katika Bunge la London. Walipozidi kupinga kodi, jeshi lilipelekwa Boston; huko, tarehe 5 Machi 1770, askari wa Mfalme waliwapiga risasi raia, watano wakafa.

Uganda nayo ilionja hayo. Baraza la Kutunga Sheria lilianzishwa mwaka 1921. Mwafrika, mlipa kodi, hakuingia humo hadi 1945. Januari 1960 ghasia za kodi zilizuka Bukedi, jirani na Mbale. Hasira ziliwaangukia machifu, na polisi wakatumwa kuzituliza. Ndugu askari, wengi wa polisi hao walikuwa Waafrika.