Shoka Lisiwatangulie Wananchi



Wako wanaotuuliza: watetezi wa kura wana shughuli gani na miti ya uwanja wa gofu? Sisi wa Birongo twalima chai na ndizi, hatuchezi gofu. Lakini twajibu bila kusita: mkono unaokata mti gizani ni ndugu wa mkono unaoiba kura gizani.

Hoja ya wasimamizi wa viwanja twaijua, wala si ya uongo. Nyasi fupi za gofu zahitaji jua la asubuhi na upepo. Penye kivuli umande haukauki upesi, kuvu huzaliana, na mizizi ya miti hunyang'anya nyasi maji na rutuba. Ndiyo maana klabu ya Oakmont, Pennsylvania, nchini Marekani, ilikata maelfu ya miti kuanzia miaka ya 1990. Miti hiyo ilikuwa katika ardhi ya klabu yenyewe. Hata hivyo, mwanzoni ilikatwa kabla ya mapambazuko, wanachama wasijue. Ikiwa watu huwaficha wenzao walio washirika katika mali moja, watatuambia nini sisi wakikabidhiwa mali ya umma?

Jibu tulilipata Karura. Msitu huo wa Nairobi ulimegwa kimyakimya, wakapewa watu waliotaka kujenga majumba ya kifahari. Tarehe 8 Januari 1999, Profesa Wangari Maathai na wenzake walikwenda kupanda mti. Walinzi wa kukodiwa wakawashambulia, naye akajeruhiwa kichwani. Wananchi hawakunyamaza. Agosti mwaka huo huo, Rais Moi alipiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Msitu ungali umesimama, si kwa hisani ya mkubwa yeyote, bali kwa ujasiri wa raia.

Waumini wenzetu wakumbuke shamba la Nabothi. Mfalme Ahabu hakulitaka kwa sababu ya njaa. Alilitaka liwe bustani karibu na jumba lake. Starehe ya mwenye nguvu ilitosha kumwaga damu ya mnyonge.

Leo tuna silaha ambayo wanamageuzi wa 1991 hawakuwa nayo. Katiba ya 2010, Kifungu cha 69, yaitaka Serikali ifikishe miti angalau asilimia 10 ya ardhi ya nchi, na iwashirikishe wananchi katika kuyatunza mazingira. Kifungu cha 70 chamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kuyatetea, hata kama yeye mwenyewe hakupata hasara.

Basi twadai haya. Kabla ya mti mmoja kuanguka katika ardhi ya umma, iwe kwa ajili ya gofu au starehe nyingine, hati ya ardhi ionyeshwe hadharani. Athari kwa mito na chemchemi zichunguzwe kwanza. Wakazi waitwe, wasikilizwe, na neno lao liandikwe.

Nasi tuanze nyumbani. Kila kanisa na kila kikundi kiorodheshe miti ya umma iliyo karibu nacho: ya shule, ya kingo za mito, ya chemchemi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Atakayekuja na shoka atukute tumeshika daftari, tena tumesimama.