Mlinzi wa miti naye ana roho

Ndugu mfanyakazi, nawe mama unayesoma ukurasa huu nyumbani,

Mara nyingi hapa tunasema habari za kaske, vumbi na malaria. Leo nataka tuongee juu ya ndugu zetu ambao wengi wanawaona kama watu wa kazi ya raha: wale wanaopanda miti juu ya udongo uliotupwa na mgodi, na wale wanaolinda msitu usimalizwe kwa makala. "Hao wanatembea tu kivulini," ndivyo mnavyosema kambini. Hata mimi nilisema hivyo.

Mlinzi mmoja wa msitu alikuja dispanseri kwa maumivu ya kichwa. Nikampa parasetamoli. Juma lililofuata akarudi, sasa ni tumbo. Nikampa dawa ya tumbo. Mara ya tatu nikaandika katika fishi yake kwamba anakwepa kazi. Naona haya kulisema jambo hilo, lakini niliandika. Mara ya nne bibi yake alimsindikiza, na ni yeye aliyefungua kinywa: bwana yake halali tangu usiku ule walipokutana na wakata-miti, na mwenzake akapigwa panga mbele ya macho yake. Mlango ukigongwa anaruka. Watoto wanamwogopa. Jioni anakunywa lutuku ili apate usingizi. Mwenzake alishonwa, akapewa siku za kupumzika. Yeye hakutoka damu, basi kesho yake asubuhi alirudishwa msituni.

Nawauliza: kati ya hao wawili, ni nani tuliyemtunza?

Walinzi wa parke zetu wanakijua kidonda hiki. Huko Virunga, karibu na Rumangabo, tarehe 24 Aprili 2020, walinzi 12 waliuawa siku moja, pamoja na dereva na raia 4. Tangu parke ile ilipoanzishwa mwaka 1925, walinzi waliokufa kazini wamepita 200. Huku kwetu Katanga, mkuu wa parke ya Upemba aliuawa na watu wenye silaha katika Desemba 2012. Rodrigue Katembo, aliyeiongoza Upemba baadaye, alitiwa jeshini akiwa mtoto wa miaka 14, na mwaka 2013 alikamatwa na kuteswa kwa sababu ya kuilinda Virunga. Mwaka 2017 alipewa zawadi ya Goldman. Watu walimpigia makofi, na ni haki yake. Lakini kila aliyeona mambo kama hayo anarudi nyumbani nayo, na zawadi haimletei usingizi.

Ndiyo maana nasema kwamba mafunzo ya kulinda msitu yasiishe kwenye majina ya miti na sheria ya faini. Mlinzi afundishwe pia kidonda cha roho ni kitu gani. Mtu akiona kifo karibu, mwili wake unajiweka tayari kupigana au kukimbia: moyo unapiga mbio, misuli inakaza. Kwa wengi, mwili unatulia baada ya siku au majuma. Kwa wengine hautulii, unaendelea kulinda hata kitandani. Huo si uoga, wala si kurogwa.

Shefu wa kikosi naye ajifunze. Mwaka 2011 Shirika la Afya Ulimwenguni lilitoa kitabu cha msaada wa kwanza wa roho. Kinafundisha mambo matatu: kutazama, kusikiliza, na kumuunganisha mtu na wenye kuweza kumsaidia. Kumsikiliza mtu si kumlazimisha asimulie yote mbele ya kikosi. Hiyo inaweza kumwongezea maumivu. Akitaka kunyamaza, kaa naye tu, mpe maji. Tena msimtafutie diazepamu sokoni ili alale. Si dawa ya kidonda hiki, na mtu anaizoea upesi.

Kuna upande wa pili, na hapa najua wengine watanikasirikia. Yule mama mwenye gunia la makala naye ni mtu. Miaka ile ya 2012 hadi 2016 wengi walikimbia vita kule Mitwaba, Manono na Pweto. Wako walioona nyumba zao zikichomwa na watu wenye bunduki. Sasa wewe unatokea ghafula, umevaa uniforme, unapiga kelele na kurusha gunia lake. Yeye anaona usiku ule tena. Atakimbia na mtoto mgongoni, au bwana yake atashika panga. Kesho watakata miti mahali pengine, kwa siri, na wewe hutajua kitu. Afadhali umwendee mchana, umwonyeshe mikono yako, useme jina lako na kazi yako, ukubali mkae mahali anapotaka. Faini inaweza kubaki faini. Lakini mtu asiyekuogopa anaweza kukuambia ni nani mwenye kuleta kamyo usiku.

Shefu mmoja aliniambia: "Ukianza kuwabembeleza, nani atafanya kazi?" Nilimjibu kwamba mtu asiyelala siku kumi halafu akapewa panga na zamu ya usiku ni hatari kwake na kwa kikosi kizima. Aliyevunjika mguu hatumwambii ajikaze. Kila tukio la damu msituni, kikosi kizima kipumzishwe kwanza, siyo majeruhi peke yake, na mtu mmoja anayejulikana awatembelee nyumbani.

Mama, ukiona bwana yako anashtuka, hataki watu, analala na nguo za kazi, usimcheke mbele ya majirani. Mpe bukari yake kwa saa ile ile, mwache mlango wazi kama anataka, punguza pombe nyumbani. Mwezi ukipita bila nafuu, au akisema anataka kufa hata siku ya kwanza, njooni wote wawili dispanseri. Semeni kwamba ni habari ya usingizi, nitaelewa. Tutaongea mlango ukiwa umefungwa, na katika fishi nitaandika kile mtakachoniambia.