Base ya kanisa, masikio ya konkaseri

Mutu wa poste ya usiku anashuka mu bisi ya kampuni hapa Kasungami kama saa moja ya asubuhi. Anaoga, anakula kidogo, analala. Saa tatu, kama ni siku ya Mungu, korali inaanza. Anaamka. Haiko mayimbo njo inamuamusha, wala sauti ya pasta. Ni base. Mayimbo inabakia nyuma ya ukuta, lakini base inapita mu matofali, inapita mu kitanda, inafika mu kifua. Jioni anarudi kazini, anasimama karibu na mashini yenye haisamehe mutu mwenye usingizi.

Mimi njo mwenye kumuamusha. Niko basisti wa korali tangu miaka mingi, na mbele ya kuacha kazi nilikuwa mutu wa konkaseri. Basi maneno hii naijua pande zote mbili, na sioni haya kusema kama upande wangu wa kanisa njo wenye makosa zaidi.

Mwaka jana jirani mumoja alikuja kuona wazee wa kanisa. Alisema na heshima: « Ba papa, mutusaidie kidogo, batu ya busiku banashindwa kulala. » Wakamujibu kama muziki ni ya Mungu. Akaenda, kisha akarudi na watu wa kartye, na maneno ikageuka fujo. Hawa wanasema vyombo vifungwe, wale wanasema huyu ni adui wa kanisa. Siku ile yote hakuna mutu aliyeuliza kitu ya maana: ni sauti gani kamili inapita ukuta? Jibu ilikuwa chini ya kiatu changu, mu kisanduku kidogo cha chuma, na inaongozwa na kibutoni moja tu.

Kile kisanduku ni pedali ya egalizeri. Ile ya Boss ya gitare base, GEB-7, iko na vibutoni saba vya kupandisha na kushusha: 50, 120, 400, 500, 800, 4 500 na 10 000 hezi. Cha munane ni cha nguvu ya sauti yote. Hezi ni hesabu ya mitetemo mu segonde moja. Kamba nene ya base, ile ya mi, inatetemeka mara 41. Ya la mara 55. Ya re mara 73. Ya sol mara 98. Mwenye kupiga kamba tupu bila kukanyaga kitu, sauti zake zote nne ziko chini ya 100. Njo maana kijana akipata ile pedali kwa mara ya kwanza, hata mbele ya kusikiliza, anasukuma kibutoni cha 50 mpaka juu kabisa. Suruali inatetemeka, anafurahi. Nilifanya vilevile.

Lakini kusukuma kibutoni mpaka juu ni desibeli 15, na desibeli haihesabiwe kama mayai. Desibeli 3 ni nguvu mara mbili. Desibeli 10 ni mara kumi. Desibeli 15 ni karibu mara 32. Yaani ampli yenye ilikuwa inatoa wati 5 kwa ile sauti ya chini, sasa inaombwa wati 160. Kama haiko nazo, inaanza kukwaruza, na karatasi ya bafule inapasuka. Hapo wazee wanakutana, wanasema: « Bafule ni kidogo, tununue ya mukubwa. » Wanatoa mabahasha. Na mabahasha inajaa na franka ya nani? Ya mutu wa mugodi, na ya mama mwenye kuuzisha makala na bunga pembeni ya barabara. Kwetu tulinunua mabafule mara mbili mbele ya kununua pedali, na ile pedali iliuzwa bei ya chini sana kuliko bafule moja. Nikikumbuka, roho inaniuma.

Watu wa korali wananiambia: ukishusha 50, base inakufa. Hapana. Chukua simu ndogo, weka wimbo wa zamani wa Jean Bosco Mwenda, ule « Masanga » wenye Hugh Tracey alirekodi mu 1952 kule Jadotville, yaani Likasi ya leo. Gitare ni moja, mutu ni moja. Kidole gumba chake kinatembea ku kamba nene, vidole vingine vinaimba juu. Kamba nene ya gitare ya kawaida iko karibu 82 hezi, na bafule ya simu haina nguvu ya kutoa sauti ya chini vile. Lakini sikio lako linafuata kile kidole hatua kwa hatua. Sababu ni hii: kamba haitetemeke mara 82 peke yake. Inatoa pia mara 164, mara 246, na kuendelea, na kichwa cha mutu kinazikusanya zile za juu, kinatengeneza chenyewe ile ya chini yenye haiko. Mi ya base ni vilevile: ukipunguza 41, inabakia 82, inabakia 123. Muimbaji anajua bado wapi iko nyumba ya wimbo.

Hata karindula yetu ya hapa Lubumbashi, ile banjo kubwa ya pipa ya mafuta na ngozi ya mbuzi, kamba nne, haihitaji kura wala wati ndio watu wasimame na kucheza. Mu 2011 Crammed Discs ya Ubelgiji ilitoa muziki yake, wazungu wakashangaa. Pipa ile inaongea na kishindo cha ngozi na sauti ya katikati, yenye kubeba maneno. (Najua, vijana watasema mimi ni muzee. Ni kweli.)

Sasa ukuta. Mutetemo wa 50 hezi uko na urefu wa karibu mita 7 mu hewa, kupita chumba cha watu wengi wa hapa. Tofali inazuia vizuri sauti za juu, lakini za chini inaziacha zipite, na mabati ya juu inatetemeka nazo. Kwa hiyo mu kanisa, kibutoni cha 50 hakiongeze kitu kikubwa kwa wenye kuimba; kinaongeza kwa mwenye kulala lupango ya tatu. Ukikishusha, na ukipandisha 120 kidogo sana ndio base ibakie na uzito, na 800 kidogo ndio vidole visikike, wenye kuwa ndani hawatambue kama umetoa kitu. Faida ingine: kura ya SNEL inatembea na 50 hezi, basi ule muvumo wa kura wenye kuingia kwa gitare mbele ya pedali unapungua pia kidogo. Kama ukumbi ni wa mabati na sauti inakuwa kama iko ndani ya ndoo, shusha 400.

Lakini haiko hii njo iliniamusha kuandika. Ni kibutoni cha 4 500.

Siku moja ya mazoezi, binti yangu, mwenye kuimba soprano, aliniambia mbele ya watu: « Papa, base yako inachoma masikio. » Nilikasirika. Kwangu base ilikuwa laini kama mafuta. Akainama, akaangalia pedali: 4 500 ilikuwa juu kabisa. Mimi niliiweka vile juu bila ile sikuwa nasikia mulio wa kidole ku kamba. Akakishusha mpaka katikati. Wote wakapumua, na mimi nikaona kama mutu amefunika gitare yangu na blanketi.

Nilienda kwa munganga wa masikio, na franka yangu mwenyewe. Akanifungia mu kachumba, akanipa kaske, akapitisha sauti moja moja. Karatasi ilitoka na mustari wenye kutembea vizuri, kisha unaanguka kama shimo karibu na 4 000, masikio yote mawili, kisha unapanda kidogo. Akaniuliza paka kitu moja: « Ulitumika wapi, papa? » Alijua mbele nimujibu. Makelele ya kazi inaharibu kwanza pale, kati ya 3 000 na 6 000. Mutu hawi kiziwi mara moja. Anaendelea kusikia ngoma, motere, base. Anachopoteza ni s, f, sh, t. Anasikia mutoto anasema, lakini hajui anasema nini. Bibi anasema: « Siku hizi haunisikilize. » Na kile kimekufa ndani ya sikio hakirudi, hata na dawa gani.

Kule nilitumika, sitataja jina, walinipima damu, walinipima mapafu. Masikio, hata siku moja. Bushoni tulipewa, ndiyo, lakini hakuna mutu alitufundisha kuziingiza, na tulikuwa tunazitoa ndio tusikie shefu anaita. Kipimo chenye waganga wa kazi wanatumia ni desibeli 85 kwa masaa 8. Kila mara unaongeza desibeli 3, masaa inakatwa nusu: 88 ni masaa 4, 91 ni masaa 2, na ukifika 100 ni dakika 15 tu. Kama unapashwa kupaza sauti ndio mwenye kuwa mita moja akusikie, hesabu kama uko karibu na 85 tayari. Mutu wa konkaseri anamaliza sehemu yake kazini. Kisha siku ya Mungu anaenda kuketi na mutoto ku mikono mbele ya bafule, masaa matatu.

Na mara nyingi, ni nani anashika vibutoni mu makanisa yetu? Muzee mwenye heshima, mutu wa mugodi, juu yeye njo alichanga zaidi. Anapandisha kile hasikii, na watoto wa mustari wa kwanza wanalipa. Sisemi tumutoe. Nasema asishike vibutoni peke yake. Mwetu sasa binti yangu njo anaweka pedali, mimi napiga tu. Anaanza na vyote katikati, anashusha mbele ya kupandisha, kisha anatoka inje, anaenda mpaka ku ukuta wa jirani, anarudi. Tumebandika karatasi ya gundi pembeni ya 50 ndio kisipande tena. Kijana mumoja wa gitare bado ananuna.

Kwa kampuni niko na ombi moja, na sheria ya kazi ya mwezi wa kumi 2002 inaweka afya ya mufanyakazi mu mikono ya mwajiri: mupime masikio siku mutu anaingia, na kila mwaka, na mumupe karatasi yake aende nayo nyumbani. Wenye kutumika sasa, muiombe. Wamama, muwakumbushe.

Na wewe wa poste ya usiku: base ikikuamusha tena, usianze na pasta wala na shefu wa kartye. Tafuta basisti, kiisha ibada, umuulize na upole kibutoni cha 50 kiko wapi. Kwetu, kiko chini.