Msiwape Maharusi Filamu Zinazoishia Harusini



Juzi nilialikwa kwenye kikao cha kumuaga mwari wetu mmoja. Biriani imeliwa, udi umefukizwa, somo kesha maliza kazi yake. Mashoga wakatoa zawadi ya mwisho: flashi iliyojaa filamu za zamani za kuchekesha za Hollywood, zile nyeusi na nyeupe na chache za rangi, akazitazame na mumewe fungate. Nilifurahi, maana wanaonijua wanajua mie ni mgonjwa wa filamu hizi tangu skuli. Nikauliza, mmemuwekea zipi? Wakanitajia *Sabrina*, *How to Marry a Millionaire* na *The Philadelphia Story*.

Nilinyamaza kwa heshima ya shughuli. Leo sinyamazi.

Hoja yao ilikuwa moja: za zamani zina adabu. Hamna matusi, hamna watu kuvuana nguo. Ni kweli, lakini jueni kwa nini. Mwaka 1930 wenye kampuni za filamu Marekani walijiwekea kanuni za maadili, na kuanzia 1934 zikasimamiwa kwa nguvu kupitia ofisi ya Joseph Breen. Bila ya kibali cha ofisi hiyo, filamu ilipata tabu kuoneshwa kwenye majumba makubwa. Kwa hiyo adabu mnayoiona ni adabu ya nguo na ya maneno. Mafunzo ya moyoni hayakupimwa kwa mizani hiyo, na bi harusi anachobeba kwenda nacho kwake ni hayo mafunzo.

Tuanze na *Sabrina* ya 1954. Audrey Hepburn ni mtoto wa dereva, anawapendeza ndugu wawili matajiri, mmoja baada ya mwengine. Mzuri, maa shaa Allah, na nguo zake zinapendeza mpaka leo. Lakini filamu inaishia melini, safari ya Paris, kabla maisha hayajaanza. *How to Marry a Millionaire* ya 1953 ni vilevile. Wanawake watatu wanapanga nyumba ya fahari New York ili wanase wanaume wenye pesa. Marilyn Monroe hata miwani hataki kuvaa mbele ya wanaume, anajigonga ukutani. Mwisho wote watatu wameolewa, mmoja kumbe kapata tajiri bila ya kujua, wanazimia, tunacheka, taa zinawashwa. Ndoa yenyewe iko wapi? Hatukuiona hata siku moja ya asubuhi.

Mtanambia hizo ni filamu za kufurahisha tu. Sawa. Lakini mwari yule kesha pata picha, singo, piko na sherehe za kutosha. Harusi anaijua. Asichokijua ni mwezi wa nne, pale mume anaporudi kanuna na yeye hajui kosa lake.

Sasa *The Philadelphia Story* ya 1940, hii ndiyo inayonichoma. Kila orodha ya filamu bora za kuchekesha imo. Katharine Hepburn anacheza Tracy Lord, James Stewart alipata Oscar kwa filamu hii. Na inaanzaje? Mume anatoka nyumbani na mizigo yake, mke anamvunjia kijiti cha gofu, mume anamshika uso kwa kiganja na kumsukuma mpaka anaanguka chini. Hapo ndipo tunapotakiwa tucheke cha kwanza. Baadaye baba yake Tracy, ambaye yeye mwenyewe kamkimbilia mwanamke mwengine, anamsimamia bintiye na kumwambia kwamba baba akikosa mapenzi ya binti mwenye moyo laini, ndio huenda kuyatafuta nje. Yaani zinaa ya mzee ni kosa la mtoto! Na filamu haimjibu. Tracy ndiye anayejirekebisha, anaomba radhi, anamrudia mume yule aliyemsukuma.

Najua mashabiki watanijia juu. Cary Grant huyo, maneno yanavyopishana kama mpira wa vinyoya, Hepburn yule ambaye wenye majumba ya sinema walimwita sumu ya biashara mwaka 1938 akarudi kwa filamu hii na kuwanyamazisha. Yote kweli, na mie nimeitazama mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Lakini kumpa bi harusi filamu hiyo kama zawadi, hapana. Utamfundisha kwamba mkono wa mume usoni ni mwanzo wa kichekesho.

Basi nimpe nini? Mie naweka moja juu ya zote: *The Awful Truth* ya 1937, ya Leo McCarey. Cary Grant yumo humo humo, lakini mbele yake yuko Irene Dunne, mwigizaji niliyechoka kumuona akisahauliwa. Aliteuliwa kwa Oscar ya mwigizaji bora wa kike mara 5, hakupewa hata moja. Watu wanachapisha sura ya Marilyn kwenye mikoba na fulana, Irene Dunne hata jina hawalijui. Mwanamke mtu mzima, mcheshi bila ya kujidhalilisha, anayemchapa mwanamme kwa kicheko tu, bila ya kupandisha sauti. Na nje ya skrini aliishi na mume mmoja, daktari wa meno, mpaka mume alipofariki 1965. Grant mwenzake alioa mara 5.

Kisa chenyewe ni hiki. Jerry kamuaga mkewe kwamba anakwenda Florida. Hakwenda. Anakaa klabu akijichoma kwa taa apate rangi ya jua, kisha anarudi na kikapu cha machungwa ya zawadi. Mke anayatazama machungwa: yamepigwa muhuri wa California. Lucy naye usiku ule hakulala nyumbani. Anaingia na mwalimu wake wa muziki, anasema gari liliharibika njiani. Hakuna anayemuamini mwenzake. Lucy anampigia simu wakili wa talaka, na wakili anamwambia ndoa ni kitu kizuri, huku akimfokea mkewe mwenyewe anayemwita mezani. Wanakwenda mahakamani, wanagombania mbwa, na hakimu anatoa hukumu: talaka itakamilika baada ya siku 90.

Siku 90! Nilipoiona mara ya kwanza nilisimamisha filamu. Sisi tuna jina la muda kama huo. Hawakukusudia, sheria yao ina asili yake na yetu ina yake, lakini filamu nzima inakaa ndani ya kitu anachokijua kila mwanamke wa Kiislamu: talaka imetamkwa, mlango haujafungwa. Mwisho wako nyumba ya shamba, vyumba viwili vimeungana, mlango mbovu unafunguka kila upepo ukivuma, saa inahesabu kuelekea saa sita za usiku ambapo siku zinakwisha. Kila mmoja anataka kurudi na hakuna anayejua aanze vipi kusema.

Sasa niwaeleze kwa nini nina hasira. Shoga yangu mmoja alipewa talaka moja, kwa simu, kwa ugomvi ambao leo mwenyewe hakumbuki ulianzia wapi. Kabla ya laasiri kaka zake wameshafika na gari, kitanda na kabati vimepakiwa, karudishwa kwa mama yake. Aya ya kwanza ya Suratu Talaq inakataza mwanamke wa eda kutolewa nyumbani kwake, na inatoa sababu: huenda Mwenyezi Mungu akaleta jambo jengine baadae. Kila mtu pale aliijua. Hakuna aliyeisema. Nilikuwa nikenda kumtembelea, na siku moja tukaitazama filamu hii chumbani kwake kwenye laptopu yangu. Alicheka mpaka machozi kwa yule mbwa. Tulipofika kwenye ule mlango akanyamaza. Kisha akasema, "Wao angalau wamewekwa vyumba vya jirani."

Eda ikamalizika. Mume alikuwa akitaka kurejea, tulikuja kusikia baadae. Alikuwa akingoja wazee wamuite, na wazee walikuwa wakingoja aje. Nyumba zao ziko mbali kwa daladala mbili, na upepo wa kufungua mlango hakuna.

Mtasema, dada, ina maana tusome eda kwa Hollywood? La hasha. Eda somesheni kwa mashekhe, na masharti ya rejea yaulizeni kwa wanaoyajua. Na filamu ina ya kukataa: pombe imejaa, na Lucy anaposwa na tajiri wa Oklahoma ndani ya siku hizo hizo, jambo ambalo kwetu haliruhusiwi, mwanamke wa eda haposwi. Hata Jerry hatuambiwi mpaka mwisho alikuwa wapi ile wiki ya machungwa, na mie sijamsamehe. Lakini kichekesho kina kazi moja kinayoiweza kuliko waadhi: kinakuonesha ujinga wako bila ya kukutia aibu mbele za watu. Ukimcheka Jerry anavyojifanya hana wivu, umejicheka wewe.

Mwanafalsafa wa Marekani, Stanley Cavell, mwaka 1981 aliandika kitabu kizima juu ya filamu za aina hii, akaziita vichekesho vya kuoana tena. *The Philadelphia Story* nayo kaiweka humo. Namheshimu, ila hapo hatukubaliani. Kumrudia mtu aliyekuangusha, bila ya yeye kubadilika mbele ya macho yetu, sikuiti kuoana tena. Jerry na Lucy wote wawili wamekosa, wote wawili wameaibika, wote wawili wanarudi wakiwa wamejifunza jambo. Hiyo ndiyo tofauti, na ndiyo ninayotaka bi harusi aione.

Kwa hiyo mashoga wa kikao kile, msinune. Flashi nimeiomba nikaiongeza filamu moja, na mwari nimemwandikia ujumbe: hii usiitazame wiki ya fungate. Iweke. Itazameni siku ya kwanza mtakapolala mmegeuziana migongo.

Na dada zangu mliokaa eda leo kwa mama zenu, semeni neno. Kama mna wa kumtuma, mtumeni kabla siku hazijakwisha.

Wabillahi tawfiq.