Amefilisika Lini?

Katika soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, swali hili halichukui muda. Mwenye mitumbwi akizima simu na kupita njia za uchochoroni, watu husema kafulia, na kuanzia hapo hakuna anayemkopesha hata mafuta ya injini. Toleo hili linauliza kama sheria inapaswa kuamua kwa wepesi huohuo.

Kwa mtu binafsi, inakaribia kufanya hivyo. Sheria ya Ufilisi, Sura ya 25, ilitungwa mwaka 1930 kwa kufuata ile ya Waingereza, na haianzi kwa kuhesabu mali. Inatazama matendo: mdaiwa kuondoka nchini au kujifungia ndani ili kuwakwepa wanaomdai, kuhamisha mali kwa hila, kuwatangazia wadai kwamba amesimamisha malipo. Lililo jepesi kuthibitisha ni la notisi: mahakama imekwisha kuamua deni, mdaiwa anapewa notisi ya ufilisi, siku saba zinapita hajalipa. Tendo moja tu linatosha kumfungulia mdai mlango wa Mahakama Kuu.

Siku saba, hapa ziwani! Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikikolea, dagaa hawaifuati taa. Mitumbwi huvutwa nchi kavu, nyavu hushonwa na fedha hukatika. Notisi ikimkuta mvuvi katika siku hizo atashindwa kulipa, hata kama mitumbwi, injini na nyavu zake zina thamani mara mbili ya deni. Jirani yake analipa kila rejesho kwa wakati, lakini analilipa kwa mkopo mwingine wa kausha damu, na akiuza kila alichonacho hatafikia nusu ya anachodaiwa. Wa kwanza ndiye anayenaswa. Nasema huo ni upofu wa sheria, na unaumiza watu.

Makampuni yana kipimo kipana zaidi. Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 inaitaka mahakama, inapopima uwezo wa kampuni kulipa, ihesabu pia madeni ambayo hayajaiva na yale ambayo huenda yakatokea. Mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu, viwanda vya minofu vya Mwanza havikupoteza majengo wala mashine; kilichofungwa ni soko. Kutazama mizania peke yake, au sanduku la fedha peke yake, kungetoa picha ya uongo.

Benki hazisubiriwi hata zishindwe kulipa. Januari 2018 Benki Kuu iliifutia leseni Kagera Farmers' Cooperative Bank ya Bukoba pamoja na benki nyingine nne, kwa upungufu wa mtaji, na wenye akiba wakapewa kinga ya hadi shilingi 1,500,000. Ni hatua kali, lakini ilichukuliwa kwa kutazama hesabu nzima.

Wenzetu wa ziwa hilihili wamekwisha kuhama: Uganda ilitunga sheria mpya ya ufilisi mwaka 2011, Kenya mwaka 2015, na zote zinauliza kama mdaiwa anaweza kulipa madeni yake.

Jambo hili si la mawakili peke yao. Ufilisi ukitamkwa, mali hukusanywa chini ya msimamizi wa serikali na kugawiwa wadai kwa uwiano. Usipotamkwa, mwenye gari na vijana wenye nguvu anafika alfajiri na kubeba injini, na mama aliyemkopesha mvuvi kutoka kikoba chake haambulii kitu. Ukitamkwa mapema mno, mtumbwi wa mvuvi mzima unauzwa wiki moja kabla ya giza kurudi.

Tunaliomba Bunge mambo mawili. Notisi ya ufilisi isipungue siku 30, ili mzunguko mmoja wa mwezi upite ndani yake. Na kabla ya kumtamka mtu kuwa amefilisika, mahakama ilazimike kuweka mezani pamoja mali yake, madeni yake yote na mapato ya msimu unaokuja.