Safu ya Ugani: Tengeneza Upapi Mwenyewe kwa Mabaki ya Kitambaa



Mwezi uliopita tulizungumza juu ya kukausha kahawa kwenye vichanja. Mwezi huu tunatoka shambani, tunaingia nyumbani. Tutazungumza juu ya mkasi, pasi na sindano.

Huenda utauliza: "Afisa ugani na ushonaji, wapi na wapi? Kazi yake si mbolea na mibuni?" Swali lako ni zuri. Jibu lake liko mwezi wa Januari.

Huku milimani Mbinga, fedha za kahawa huja baada ya mavuno. Kule ufukweni mwa Ziwa Nyasa, yaani Lituhi, Liuli na Mbamba Bay, fedha huja na dagaa, hasa siku za giza. (Sehemu hiyo ya ufukwe sasa ni Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012.) Lakini Januari haimngoji mtu. Shule hufunguliwa, na mtoto anataka sare. Wakati huo huo mahindi yanataka mbolea ya kukuzia. Sare na mbolea hugombania mfuko mmoja. Mara nyingi mbolea ndiyo hushindwa, na mahindi hugeuka manjano.

Kwa hiyo nguo inayodumu mwaka wa pili ni msaada kwa shamba. Sasa itazame nguo kuukuu ya mtoto wako. Imeanza kuharibika wapi? Mara nyingi ni ukingoni: shingoni, kwenye kwapa, kwenye mdomo wa mfuko, kwenye pindo. Kitambaa cha katikati bado ni kizima, lakini ukingo umeanza kutoka nyuzi. Dawa ya ukingo ni upapi.

UPAPI NI NINI?

Upapi ni utepe mwembamba wa kitambaa. Hukunjwa, kisha hushonwa kuzunguka ukingo wa nguo ili nyuzi zisitoke. Madukani unauzwa umekwisha kukunjwa. Lakini unaweza kuutengeneza mwenyewe kwa mabaki ya kitenge, ya khanga au ya shuka ya pamba.

Upapi mzuri hukatwa mshazari. Hilo ndilo neno kubwa la leo. Likumbuke.

KWA NINI MSHAZARI?

Wewe wa milimani, fikiri juu ya shamba la ngolo. Majani yaliyofyekwa hupangwa kwa mistari. Mistari mingine hukatiza ile ya kwanza. Hapo hupatikana miraba, na katikati ya kila mraba huchimbwa shimo. Kitambaa kimefumwa kwa namna hiyo. Nyuzi nyingine zinakwenda kwa urefu, na nyingine zinakatiza kwa upana.

Wewe wa ufukweni, chukua kipande cha wavu. Shika jicho moja la wavu, ulifanye mraba. Livute kwa kufuata nyuzi zake. Halirefuki. Sasa lishike kwa pembe mbili zinazotazamana, ulivute. Linarefuka na kuwa jembamba.

Kitambaa nacho hufanya hivyo. Ukikata ukanda kwa kufuata nyuzi, hautanyumbuka. Ukiushona kwenye shingo ya mviringo utafanya makunyanzi. Ukikata mshazari, yaani kutoka pembe kwenda pembe, ukanda unanyumbuka na kuifuata shingo vizuri.

Mafundi wa dunia nzima hutumia jambo hili. Huko Paris, Ufaransa, Madeleine Vionnet alipata sifa kubwa miaka ya 1920 na 1930 kwa magauni yaliyokatwa mshazari. Yeye alikata gauni zima. Sisi tutakata ukanda tu.

KUPIMA NA KUKATA

Chagua kitambaa chepesi cha pamba. Kifue kwanza, kikauke, ukipige pasi. Kitambaa kisichofuliwa kinaweza kurudi au kuchuja rangi kikiwa tayari kwenye nguo. Usitumie nailoni. Haishiki mkunjo vizuri, na pasi ya moto huiyeyusha.

1. Kata mraba wenye sentimita 50 kila upande. Pande zote zifuate nyuzi. Kama huoni nyuzi zinakwendaje, vuta uzi mmoja utoke. Njia ulimopita uzi huo ndiyo mstari wako ulionyooka.

2. Shika pembe moja, uikunje mpaka ikutane na pembe inayotazamana nayo. Umepata pembetatu. Piga pasi kwenye mkunjo, kisha fungua. Alama ya mkunjo ndiyo mshazari.

3. Chukua rula ya mtoto wa shule. Kati ya 0 na 1 kuna nafasi ndogo 10. Kila nafasi ndogo ni milimita 1. Kwa rula na chaki, chora mistari inayokwenda sambamba na ule mkunjo. Kati ya mstari na mstari ziwe milimita 35.

4. Kata juu ya mistari kwa mkasi mkali. Usiuvute ukanda unapokata.

5. Unganisha kanda zako. Weka mwisho wa ukanda mmoja juu ya mwisho wa mwingine, uso kwa uso, zifanye umbo la herufi V. Acha ncha ndogo zichomoze kidogo pande zote mbili. Shona, fungua mshono, upige pasi. Kata zile ncha zilizochomoza.

KIFAA CHA KUKUNJIA

Kipo kifaa kidogo cha bati cha kukunjia upapi. Unaweza kukifunika kwa kiganja. Kinafanana na faneli iliyobanwa: nyuma ni kipana, mbele ni chembamba. Ukanda huingia nyuma ukiwa bapa. Hutoka mbele kingo zake zote mbili zikiwa zimekunjwa na kukutana katikati.

Vifaa hivi vina ukubwa mbalimbali. Ukubwa unaotajwa ni upana wa upapi unaotoka. Ukanda unaoingia huwa karibu mara mbili yake. Andika vipimo hivi katika daftari lako:

Kifaa cha milimita 12: kata ukanda wa milimita 24.
Kifaa cha milimita 18: kata ukanda wa milimita 35.
Kifaa cha milimita 25: kata ukanda wa milimita 48.

Ukanda ukiwa mpana mno, hujikunja vibaya ndani ya kifaa. Ukiwa mwembamba mno, kingo hazikutani. Kifaa hakijui kupima. Anayepima ni wewe.

Fanya hivi. Kata mwisho wa ukanda uwe na ncha kali. Ingiza ncha hiyo nyuma ya kifaa, upande wa ndani wa kitambaa ukitazama juu. Juu ya kifaa kuna mwanya. Tumia sindano kupitia mwanya huo kuusukuma ukanda mpaka utokee mbele. Bana ncha kwa pini kwenye blanketi la kupigia pasi. Sasa kivute kifaa kirudi nyuma polepole, huku pasi ikikifuata kwa karibu. Vuta kifaa, usivute ukanda. Ukanda wa mshazari ukivutwa hurefuka na kuwa mwembamba.

Bati hupata moto. Kishike kifaa kwa mkono wake.

Kama unatumia pasi ya mkaa, toa majivu nje na ufute chini ya pasi kabla ya kuanza. Kisha fungua mlango na madirisha. Mkaa unaowaka hutoa hewa yenye sumu isiyoonekana wala kunuka. Hewa hiyo huua. Usipige pasi ya mkaa katika chumba kilichofungwa, na watoto wadogo wakae mbali.

KAMA HUNA KIFAA

Usikope fedha ili kununua kifaa. Anza na sindano moja ndefu.

Chomeka sindano kwenye blanketi la kupigia pasi. Ichomoze juu, ipite nafasi ya milimita 18, kisha izame tena ndani ya blanketi. Sindano sasa imefanya daraja dogo. Kunja mwanzo wa ukanda kwa vidole, kingo zikutane katikati, uupige pasi. Pitisha sehemu hiyo chini ya daraja. Weka pasi mbele ya daraja, kisha uvute ukanda polepole sana. Daraja litashika mkunjo, na pasi itaukaza.

Kazi hii ni ya polepole kuliko ya kifaa, lakini upapi wake unafaa. Jifunze kwa njia hii kwanza. Ukiona unatengeneza upapi kila wiki, hapo ndipo ufikiri juu ya kununua kifaa.

Upapi ukiwa tayari, uzungushe kwenye kipande cha boksi ili mikunjo isifunguke.

KUSHONA KWENYE NGUO

Fungua mkunjo mmoja wa upapi. Weka uso wa upapi juu ya uso wa nguo, kingo zikilingana. Shona juu ya alama ya mkunjo. Kisha geuza upapi uufunike ukingo, uingie upande wa ndani. Malizia kwa mkono au kwa cherehani. Upapi wa milimita 18 utaonekana kama milimita 9 kila upande.

Kwenye shingo na kwapa, nyumbua upapi kidogo unaposhona, ili ulale vizuri. Kwenye ukingo uliobetuka nje, kama ncha ya kola ya mviringo, usiuvute hata kidogo.

HESABU YAKE

Tufanye hesabu pamoja. Mraba wako una sentimita 50 kwa 50. Jibu ni 2,500. Gawanya kwa upana wa ukanda, yaani sentimita 3.5. Unapata sentimita 714, karibu mita 7. Toa kidogo kwa ajili ya viungo na pembe. Hesabu mita 6.

Tuseme gauni la mtoto lisilo na mikono linataka sentimita 40 shingoni na sentimita 35 kila kwapa. Jumla ni sentimita 110. Magauni 5 yanataka sentimita 550. Kwa hiyo mraba mmoja wa mabaki unatosha magauni 5, na bado unabaki upapi kidogo wa kuzibia mfuko wa kaptura.

Sasa uliza dukani bei ya mita 1 ya upapi. Zidisha kwa 6. Jibu hilo ni fedha ambazo hazikutoka nyumbani kwako. Ziandike. Fedha isiyoandikwa hupotea kama maji kwenye tenga.

MABAKI NI YA NANI?

Hapa kuna jambo linalovunja urafiki vijijini. Mama anapeleka kitenge kwa fundi. Gauni linashonwa, mabaki yanabaki chini ya cherehani. Baadaye mama anaona rangi ya kitenge chake kwenye shingo ya mtoto wa jirani. Ugomvi unaanza.

Mabaki ni mali ya mwenye kitambaa. Fundi, usiyakate kabla ya kumwuliza. Mwambie: "Mama, mabaki yako haya hapa. Nikutengenezee upapi, au uniachie nami nikupunguzie bei ya kushona?" Wengi watakubali. Fundi anayeuliza hapungukiwi na wateja.

Kama mko katika kikundi, mnaweza kununua kifaa kimoja kwa wote. Lakini wekeni masharti kabla ya kukinunua. Nani anakitunza? Kinaazimwa kwa siku ngapi? Kikipotea, nani analipa? Yaandikeni, na kila mwanachama atie sahihi.

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kama kikundi chenu kinafikiri juu ya cherehani, mwoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Nendeni na daftari lenye hesabu zenu. Daftari hilo litawasemea.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI CHA KUSOMA

1. Kwa nini upapi hukatwa mshazari? Eleza kwa kutumia kipande cha wavu.

2. Kifaa chako ni cha milimita 25. Utakata ukanda wa milimita ngapi?

3. Una mraba wa mabaki wenye sentimita 40 kila upande. Ukikata kanda za sentimita 3.5, utapata karibu mita ngapi?

4. Katika kijiji chenu, mabaki ya kitambaa hubaki kwa nani? Je, mwenyewe huulizwa?

Mwezi ujao tutarudi shambani, kwenye kupogoa mibuni. Tayarisha mkasi mwingine. Mkasi wa kitambaa usikate matawi.